Sauti Sita Kwenye Bomba Jembamba

Septemba 1996 jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti chenye makao yake New York, lilichapa makala yenye kichwa kisicho na mbwembwe yoyote, kuhusu namna ya kusimba sauti za diski bila kupoteza kitu. Waandishi walikuwa wawili, Peter Craven na Michael Gerzon, Waingereza waliojuana tangu ujana wao Oxford. Craven aliiona makala ikitoka. Gerzon hakuiona. Alikuwa amefariki Mei mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 50, baada ya kusumbuliwa na pumu kwa muda mrefu.

Leo mtu akitia diski ya Blu-ray kwenye mashine yake sebuleni, na risiva ikaandika kwa taa ndogo maneno Dolby TrueHD, ukoo wa hesabu zinazofanyika humo ndani unarudi kwa watu hao wawili. Wanaozinunua mashine hizi hawalijui jina la Gerzon, na hata wanaoziuza ni wachache wanaolijua.

Gerzon alisomea hisabati Oxford, lakini jioni zake nyingi zilikwenda kwa jambo jingine. Yeye na Craven walikuwa katika chama cha wanafunzi waliokuwa wakirekodi muziki kwa mashine za utepe, na kazi hiyo iliwafundisha kitu ambacho vitabu havikukisema kwa uzito. Mtu akikaa ukumbini, sehemu kubwa ya anachosikia haitoki jukwaani. Inatoka ukutani, darini, nyuma ya shingo yake, ikiwa imechelewa kidogo na kufifia. Ukirekodi kwa chaneli mbili, mwangwi wote huo unakunjwa na kupachikwa mbele yako kati ya spika mbili, kana kwamba ukumbi mzima umebandikwa kwenye ukuta mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za santuri zilidhani zimepata dawa: spika nne, moja kila pembe ya chumba. Mtindo huo waliuita kwadrafoniki. Gerzon aliukosoa bila huruma, kwa hoja kwamba sikio halisikii kwa pembe za chumba na kwamba hesabu za mfumo huo hazikujali namna kichwa cha binadamu kinavyotambua sauti inatoka wapi. Jibu lake liliitwa Ambisonics. Badala ya kuuliza spika ngapi, yeye aliuliza hewa ilikuwa ikitikisika vipi mahali pale aliposimama msikilizaji, kisha akatafuta namba za kuueleza mtikisiko huo kwa pande zote. Yeye na Craven walibuni maikrofoni yenye masikio manne yaliyopangwa kama nyuso za piramidi ndogo ya pembetatu, iliyokuja kuuzwa kwa jina la Soundfield. Wahandisi waliisifu. Soko lilipita bila hata kugeuka, maana kwadrafoniki ilikuwa imeshawachosha wanunuzi kwa mifumo yake isiyopatana, na hakuna aliyetaka kusikia tena habari za spika za nyuma.

Spika za nyuma ziliokolewa na sinema. Kumbi za filamu zilikuwa na fedha, na zilikuwa na sababu: watu walikuwa wakibaki nyumbani na televisheni zao. Star Wars ya 1977 ilitembea na Dolby Stereo, mfumo uliokunja chaneli nne ndani ya mistari miwili iliyochorwa pembeni mwa filamu. Miaka miwili baadaye Apocalypse Now, kwenye filamu pana ya milimita 70, ilizitenga sauti za nyuma kushoto na kulia, na helikopta ikaweza kumzunguka mtazamaji. Mwaka 1987 mhandisi wa sauti Tomlinson Holman alipendekeza mpangilio huo uitwe 5.1. Chaneli tatu mbele, mbili za kuzunguka, na moja ya mingurumo ya chini. Ile ya mwisho ilipewa ".1" kwa kuwa inabeba sehemu ndogo tu ya masafa ya sauti. (Kwetu mambo yamepinduka: kipande hicho cha mwisho kimeteka jina la jamaa yake yote, na mtu akisema amenunua sabufa mara nyingi ana maana ya seti nzima.)

Kisha ikaja dijiti, na pamoja nayo, udogo wa nafasi. Batman Returns, mwaka 1992, ilikuwa filamu ya kwanza kutoka na Dolby Digital, ambayo namba zake zilichapwa katika nafasi zilizo kati ya matundu ya kuvutia filamu. Hapo paliingia biti 320,000 tu kwa sekunde. Piga hesabu ya kilichopaswa kuingia. Sauti ya dijiti ni mfululizo wa vipimo. Chaneli moja ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa biti 24, chaneli sita zinakula biti milioni 6.9 kila sekunde. Kwa hesabu hiyo, katika kila biti 21 au 22, moja tu ndiyo ilipata nafasi.

Waliwezaje? Kwa kuijua tabia ya sikio. Mvua ikiangukia bati, saa ya ukutani haisikiki, ingawa inaendelea kugonga vilevile. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo. Dolby Digital hukadiria, mara nyingi kwa sekunde, sauti zipi zimefunikwa, kisha huziandika kijuujuu au huziacha kabisa. Ni ujanja mkubwa na watu wengi hawatambui tofauti. Lakini kilichoachwa kimeachwa. Hakuna mashine sebuleni inayoweza kuirudisha saa ile ya ukutani.

Mwaka uliofuata Jurassic Park ilikuja na mshindani, DTS, aliyepita njia nyingine: sauti iliwekwa kwenye diski za CD-ROM kando ya projekta, na filamu yenyewe ikabeba alama za muda tu, ili diski na picha vitembee pamoja. Nafasi ikawa kubwa zaidi, ingawa DTS nayo ilipoteza. DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, Dolby Digital iliingia nayo majumbani, na DTS ikafuata baadaye. Dolby Digital kwenye DVD ya filamu haikuruhusiwa kuzidi kilobiti 448 kwa sekunde. DTS iliweza kufika 1,509.

Kwa watu wa filamu hiyo ilitosha. Watu wa muziki waliona aibu. CD, iliyotoka 1982, ilikuwa na chaneli mbili tu, lakini kila biti ilikuwa halisi. Sasa diski mpya yenye nafasi kubwa zaidi ingewapa chaneli sita zilizochujwa. Bob Stuart, mmoja wa waanzilishi wa Meridian, kampuni ya vifaa vya muziki ya Huntingdon karibu na Cambridge, aliongoza kikundi kilichoandika mapendekezo mwaka 1995: diski mpya ibebe muziki wa kuzunguka, wenye ubora wa juu kuliko CD, na usiopoteza kitu. Gerzon na Craven walikuwa upande wake.

Walichotaka ni chaneli sita, kila moja ikipimwa mara 96,000 kwa sekunde kwa biti 24. Hiyo ni megabiti 13.8 kwa sekunde. Diski hiyo mpya, iliyokuja kuitwa DVD-Audio, ingeweza kuipatia sauti megabiti 9.6, basi. Nafasi nayo haikutosha: dakika 74 za muziki kama huo zinahitaji gigabaiti 7.7, na diski ya tabaka moja ina 4.7.

Haya ni matatizo mawili, na watu huyachanganya. Nafasi ni tangi, kasi ni bomba. Tangi dogo lina usamehevu, kwa kuwa wimbo mtulivu utalipia wimbo wa fujo, na mwisho wa diski hesabu ikalingana. Bomba halisamehi. Kama katika sekunde moja tu, pale matoazi yanapogongwa na ukumbi mzima unapiga makofi, kunahitajika megabiti 11, diski haitakuwa nazo na muziki utakatika. Hapo ndipo penye ugumu wa kubana bila kupoteza. Mfumo unaopoteza unaweza kukuahidi kasi yoyote unayotaka, kwa sababu ukibanwa unatupa zaidi. Usiopoteza hauna cha kutupa.

Basi unabana nini?

Unabana kile kinachoweza kubashiriwa. Msimuliaji akisema "Paukwa!", wasikilizaji wanajibu "Pakawa!", na kama ungekuwa unaiandika hadithi ile kwa simu ya maandishi unayolipia kwa neno, jibu hilo usingelituma, aliye upande wa pili analijua tayari. Claude Shannon, wa maabara za Bell nchini Marekani, aliligeuza wazo hili kuwa hisabati mwaka 1948, na baadaye akawapima watu kwa kuwataka wakisie herufi inayofuata katika maandishi. Kinachobashirika hakibebi habari. Habari imo katika kile kinachotushtua.

Sauti haishtui sana. Wimbi la filimbi halirukiruki. Linapanda na kushuka kwa utaratibu. Chukua vipimo vinne vinavyofuatana: 100, 108, 115, 121. Hatua ni 8, kisha 7, kisha 6. Mtu yeyote atabashiri kwamba hatua inayofuata ni 5, na kipimo kitakuwa 126. Kumbe ni 127. Andika 1. Kisimbuzi kilicho nyumbani kina vipimo vilevile vinne, kinafanya ubashiri uleule, kinapata 126, kinaongeza 1, na 127 inarudi bila kuchubuka. Badala ya namba ndefu ya biti 24 umetuma salio dogo tu.

Salio nalo huandikwa kwa ubahili. Masalio madogo ni mengi, makubwa ni machache, kwa hiyo madogo hupewa alama fupi. Njia bora ya kugawa alama hizo ilitolewa na David Huffman mwaka 1952, kazi aliyoianza kama mwanafunzi MIT, lakini wazo ni la zamani: Morse ya telegrafu iliipa herufi E nukta moja tu kwa kuwa Kiingereza kinaitumia mno. Ingetungwa kwa ajili ya Kiswahili, nukta ile bila shaka ingekuwa ya A.

Hadi hapa hakuna kipya. Programu za kubana sauti bila kupoteza zilikuwapo kwenye kompyuta. Gerzon na Craven waliongeza mambo mawili, na kwangu mimi la kwanza ndilo zuri zaidi. Katika muziki wa kuzunguka, chaneli sita si wageni wao kwa wao. Mwimbaji aliye katikati amevuja kidogo kushoto na kulia, na spika za nyuma zinabeba mwangwi wa mbele. Ukiweza kuondoa katika kila chaneli kile ambacho tayari kimo katika nyingine, unabakiwa na kidogo cha kuandika. Lakini kuondoa huko ni kuzidisha kwa desimali. Sema chaneli ya kushoto inapunguzwa 0.7 ya ile ya kulia. Desimali zinatoka, lazima ziviringishwe kuwa namba kamili, na kuviringisha ni kupoteza.

Waligundua kwamba haipotezi, mradi uguse chaneli moja kwa wakati. Chaneli ya kulia inabaki kama ilivyo. Unakokotoa 0.7 yake, unaiviringisha, unaitoa kwenye ya kushoto. Kisimbuzi kinapokea ya kulia ikiwa nzima, kinakokotoa 0.7 ileile, kinaiviringisha vilevile, kinairudisha kwenye ya kushoto. Kosa la kuviringisha lilikuwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo limejifuta. Kisha unahamia chaneli nyingine. Mtu aliyetumia miaka yake akifikiria namna mtikisiko mmoja wa hewa unavyogawanyika kwenda pande zote ndiye hasa ungetarajia aione njia hii.

La pili lilihusu bomba. Mashine ya nyumbani hupewa kumbukumbu ndogo mbele ya kisimbuzi, kama pipa chini ya mchirizi. Muziki ukiwa mtulivu, diski inaendelea kuleta megabiti zake na pipa linajaa data za mbele. Matoazi yakigongwa, kisimbuzi kinateka zaidi ya kile bomba linacholeta, na pipa linafidia. Msimbaji studio anaujua wimbo mzima, kwa hiyo anapanga mapema lini pipa lijae. Kama kipande fulani bado kilikataa kuingia, programu ilimwarifu mhandisi, naye aliamua mwenyewe apunguze nini na wapi.

Mfumo huo ulipewa jina la Meridian Lossless Packing, kwa ufupi MLP. Ulikuwa na adabu nyingine ndogo: ndani yake sauti ziligawanywa katika vijito, na kijito cha kwanza kilitosha kumhudumia mwenye spika mbili bila kumlazimisha asimbue zote sita. MLP iliingia katika kanuni za DVD-Audio zilizotolewa 1999.

Diski yenyewe ilianza na mkosi. Mwisho wa mwaka huohuo programu ya DeCSS ilivunja kufuli la DVD za filamu. Kampuni za muziki ziliogopa, uzinduzi ukaahirishwa ili kufuli jingine litafutwe. Mashine zilipofika madukani hazikuruhusiwa kutoa sauti hizo safi kwa waya wa kidijiti. Mnunuzi alihitaji waya sita za analogi kati ya mashine na amplifaya, moja kwa kila chaneli, na nyuma ya kabati pakawa kama kiota cha ndege. Sony na Philips nao walikuwa na diski yao, SACD, isiyoelewana na hii. Wakati wakigombana, iPod ilitangazwa Oktoba 2001, na ikadhihirika kwamba watu walitaka nyimbo elfu moja mfukoni kuliko chaneli sita sebuleni.

Filamu zikaokoa tena. Dolby ilikuwa na leseni ya MLP, na diski za ubora wa juu zilipokuja mwaka 2006 iliitoa ikiwa imepanuliwa, kwa jina Dolby TrueHD. Blu-ray ya tabaka mbili ilikuwa na gigabaiti 50, na bomba lililoruhusu TrueHD zaidi ya megabiti 18 kwa sekunde. DTS ilijibu kwa DTS-HD Master Audio, ambayo ni kama fundi cherehani anayekukabidhi suti pamoja na mfuko wa vipande vyote alivyovikata. Ndani yake kuna DTS ya zamani inayopoteza, ya kilobiti 1,509, na kando kuna salio: tofauti kati ya hiyo na sauti halisi ya studio. Risiva ya zamani inachukua suti na kuupuuza mfuko. Mpya inashona vyote pamoja na kupata kitambaa kizima. TrueHD haikufanya hivyo. Kwenye Blu-ray inasindikizwa na Dolby Digital ya kawaida kwa ajili ya risiva za zamani, mambo mawili tofauti yanayosafiri kwa mkondo mmoja.

Waya nazo zilibadilika. Ile nyembamba ya mwanga iliyokuwa nyuma ya kila mashine ya DVD haikuweza kubeba mizigo hii. HDMI toleo la 1.3, la Juni 2006, ilikubali kuipitisha ikiwa bado imebanwa hadi kwenye risiva. Hapo ulizuka ubishi ambao bado unanichekesha. PlayStation 3 za kwanza zilikuwa zikisimbua TrueHD zenyewe na kupeleka kwenye risiva namba zilizokwisha kufunguliwa, kwa hiyo taa ya TrueHD haikuwaka, na wenye mashine wakalalamika kwamba wanapunjwa. Hawakupunjwa. Maana nzima ya kutopoteza ni kwamba haijalishi nani anafungua kifurushi. Namba ni zilezile, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

Walakini neno hilo, kutopoteza, lina mipaka yake, na wauzaji hawaitaji. Mwaka 2012 filamu ya Brave ilileta Dolby Atmos katika kumbi: sauti hazifungwi kwenye chaneli, kila moja hutembea na maelezo ya mahali ilipo, hata juu ya kichwa. Atmos ilipofika majumbani mwaka 2014, ilipakiwa ndani ya TrueHD kama kijito cha ziada ambacho risiva za zamani hazikioni. Ule mpango wa vijito wa MLP ulizaa tunda jipya. Ila sinema inaweza kuwa na sauti zaidi ya mia moja zinazotembea kwa wakati mmoja, na diski haina nafasi hiyo. Kabla ya kubanwa, zile zilizo jirani hukusanywa katika makundi 12 hadi 16. Kuanzia hapo hakuna biti inayopotea. Kabla ya hapo, uamuzi umeshafanywa.

Na wengi hawanunui diski tena. Atmos ya Netflix inafika kwa Dolby Digital Plus, isiyozidi kilobiti 768 kwa sekunde, na inachuja kama jamaa zake wote wa tangu 1992. Bomba sasa ni intaneti, na mwenye bomba analipia kila megabiti.

Aprili 2016, miaka ishirini kasoro mwezi mmoja tangu Gerzon afariki, YouTube ilitangaza kwamba itapokea sauti za kuzunguka kwa video za nyuzi 360. Mtazamaji akigeuza kichwa, sauti inabaki pale ilipo. Mfumo waliouchagua ulikuwa Ambisonics, chaneli nne, karibu kama Gerzon alivyouandika katika miaka ya 1970. Chaneli hizo nne YouTube inazibana kwa njia inayopoteza.